Makete kwa miguu na kwa namba: wenyewe wengi, wakazi wachache

Jumatatu: Mbeya, Chimala, Matamba

Safari yenyewe ilikuwa ya mjomba wangu, mi nilikuwa mbeba begi na msoma fomu. Mjomba ana shamba la urithi kule tarafa ya Matamba, wilaya ya Makete mkoa wa Njombe, viazi na kipande cha misindano, na tangu watoto wa marehemu kaka yake waanze kuulizana mpaka unapita wapi akasema hili shamba linaandikiwa hati ya kimila nikiwa hai, sitaki mje mgombane msibani kwangu. Nikamwambia mjomba twende. Ila na mimi nilikuwa na la kwangu ambalo sikumwambia, nilitaka niione Makete ile ya kwenye majedwali.

Iko hivi. 2022 nilikuwa karani wa sensa hapa Mbeya jiji, na toka kipindi kile nikabaki na ugonjwa wa kusoma majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kama wenzangu wanavyosoma msimamo wa ligi. Wilaya nyingi unaona namba inapanda tu, inapanda tu, afu unafika Makete unakuta 2002 walikuwa 106,061, 2012 wakawa 97,266. Wamepungua! Nchi nzima miaka hiyo hiyo imetoka milioni 34 na ushee mpaka 44,928,923, wao wamerudi nyuma karibu elfu tisa. 2022 ndo wakapanda tena, 109,160. Yani ukichukua ya 2022 ukatoa ya 2002 unabaki na watu 3,099, hilo ndo ongezeko la miaka ishirini la wilaya nzima, sehemu zingine hiyo ni idadi ya mtaa mmoja na hawajashtuka.

Tukapandia kosta stendi ya Nanenane asubuhi. Pale Uyole mjomba akawa anashangaa maghorofa, anasema hapa palikuwa mahindi. Uyole siku hizi ni jimbo kabisa, Tume ya Uchaguzi ilitangaza Mei 2025 majimbo mapya nane na Uyole likiwemo, limemegwa kutoka Mbeya Mjini. Si ajabu, jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012, 2022 likawa na 541,603. Watu wakijaa mipaka inachorwa upya, ndo kawaida. Makete nzima ni jimbo moja tu.

Kutoka hapo Inyala, Igurusi, mpunga kila upande, ng'ombe wa Wasukuma wanavuka barabara wanavyotaka wao, na ndani ya gari mama mmoja ana gunia la mchele kaliweka miguuni mwa watu afu ndo anakasirika ukiligusa. Hii ni Mbarali. Na nikamwonyesha mjomba kwenye simu, Mbarali 2012 ilikuwa na watu laki tatu na kidogo, 2022 imepita 446,000, yani watu walioongezeka Mbarali ndani ya miaka kumi ni wengi kuliko watu wote wa Makete, ukiwahesabu na vichanga. Mjomba akatazama dirishani akasema "si maji hayo na mpunga, sisi juu tuna nini, baridi." Nikacheka lakini baadae niliona kasema kitu.

Chimala tukashuka. Hapa ndo unaachana na lami kuu unaanza kupanda ukuta wa mlima kwenda Matamba, na ule mlima una kona watu wanasema ni hamsini na saba, mi nilianza kuhesabu nikaacha maana dereva wa Noah alikuwa anaongea na simu kwenye kila moja. Tulikaa watu kumi kwenye gari la saba. Ukiwa katikati ya mlima geuka nyuma utaona Usangu yote iko chini imelala bapa, na ubaridi unaanza kuingia kwenye mikono ya shati. Mwezi wa sita huu, jaketi liwe mkononi sio kwenye begi.

Sasa kitu ambacho ramani tu ndo inakuonyesha: Makete haianzii juu. Kuna kata inaitwa Mfumbi iko huku chini kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, joto la Usangu, lakini ni Makete, mkoa wa Njombe. Kwa iyo mtu wa Mfumbi anaona malori ya Tunduma yanapita mlangoni kwake, hospitali na soko la Chimala pale jirani mkoa wa Mbeya, ila akiwa na shida ya halmashauri inabidi apande kwenye baridi avuke milima aende Iwawa, makao makuu ya wilaya. Kijana mmoja kwenye Noah alikuwa wa huko, tulimuuliza huwa anapitia wapi, akasema inategemea na hela, njia fupi ni mbovu na njia nzuri ni ya kuzunguka Makambako na Njombe. Kwenda makao makuu ya wilaya yako kwa kukatiza wilaya za wenzako!

Matamba tulifika jua limeshaanguka. Viazi vya kuchemsha, chai ya rangi, blanketi mbili. Sikuoga.

Jumanne: kitongoji, kijiji, kata

Hii siku ndo nzito kwa iyo nitairefusha.

Ukitaka kitu chochote cha serikali kijijini usikimbilie ofisini, anza na mwenyekiti wa kitongoji. Mjomba anajua hilo, kabla ya saa mbili tulikuwa uani kwa mwenyekiti, shikamoo zimeshapita, tumepewa vigoda jikoni kwa sababu ndo kuna moto. Mwenyekiti ni mzee wa makamo tu, hana mshahara, hiyo kazi anachaguliwa na watu wa kitongoji chake kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa kila miaka mitano, wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Anajua nani kaoa, nani kauza ng'ombe, nani ana kesi. Mjomba akajieleza, mwenyekiti akaingia ndani akatoka na kaunta buku.

Hilo kaunta buku jamani. Gamba gumu, limefungwa na mpira wa tairi ya baiskeli, ndani kachora mistari kwa rula, kila kaya na ukurasa wake: jina la mkuu wa kaya, mke, watoto, mwaka wa kuzaliwa, na pembeni safu moja kaiandika "alipo". Nikaomba niangalie akaniachia. Safu ya "alipo" ndo iliyonikalisha. Yupo. Yupo. Dar. Dar. Tunduma. Yupo. Mbeya Mwanjelwa. Dar. Makambako. Yupo bibi tu. Kuna ukurasa una majina saba, wanaolala pale ni wawili. Wengine kawapigia mstari kwa kalamu nyekundu, sikuuliza maana ilijulikana.

Nikamuuliza mwenyekiti, hawa wa Dar unawahesabu ni watu wako? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Ni watu wangu. Akifa tunamzika hapa. Akijenga anajenga hapa. Mchango wa shule akiandikiwa anatuma."

Ila sensa haihesabu hivo. Mi nimeshika kile kishikwambi, najua swali la kwanza tulilokuwa tunauliza, nani alilala kwenye kaya hii usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Hatukuwa tunauliza kwenu wapi, tunauliza ulilala wapi. Uliyelala Kariakoo umeandikwa Kariakoo, hata kama una nyumba Makete na baba yako ndo anakuchungia. Na wote tunawajua Wakinga, wenyeji wa Makete, kwa biashara, Kariakoo wapo, Mwanjelwa wapo, Tunduma wapo, hakuna mji wa nyanda za juu una duka la jumla usimkute Mkinga amekaa nyuma ya kaunta. Wote hao wako kwenye namba za wilaya za watu wengine.

Tukatoka kwenda kuzungukia mpaka wa shamba, mwenyekiti mbele, majirani wawili, mjomba na fimbo. Njiani nikaona nyumba, na hizi nyumba ndo ushahidi wa lile kaunta buku. Tofali za kuchoma, bati la rangi, madirisha ya alumini, kibao cha anwani ya makazi kimepigiliwa vizuri na kufuli mlangoni. Hatua chache nyumba nyingine hivo hivo. Mjomba akawa ananitajia, hii ya mtoto wa fulani yuko Dar ana duka la vitenge, hii ya mwalimu yuko Morogoro. Zinafunguliwa Desemba, wanakuja na magari, wanachinja, wanaoa, wiki mbili kijiji kinakuwa mji afu Januari wanafunga wanaondoka. Nikawaza tu, sensa ya 2012 ilifanyika Agosti 26 na hii ya 2022 Agosti 23. Siku wakikosea wakaifanya Desemba 26 Makete itaruka mpaka watu wa takwimu warudie kuhesabu.

Mpaka ulikuwa ni mti mmoja wa mlingoti wa zamani na mtaro. Majirani wakakubali. Haikuchukua hata nusu saa, ugomvi wa miaka yote ule.

Mchana ofisi ya kijiji. Hapa kuna watu wawili watu wanawachanganya sana, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti kachaguliwa na wananchi, mtendaji kaajiriwa na halmashauri, anaweza kutoka Mwanza huyo, wa kwetu alikuwa binti mdogo amejifunga khanga juu ya jaketi juu ya sweta. Mwenyekiti anaongoza vikao, mtendaji ndo mwenye mafaili na barua. Hati ya kimila inatoka chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ombi linapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, ambayo ni wajumbe kuanzia 15 mpaka 25, wakipitisha ndo mambo ya kupima na kusajili yanafuata. Na juu ya hao kuna mkutano mkuu wa kijiji ambao ni kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa ukae kila miezi mitatu.

Mtendaji akasema shida yake sio sheria, shida yake akidi. Vikao anaitisha, wanakuja wazee na akina mama, vijana wengine wako milimani kwenye mbao wengine ndo hao wa Dar. "Nikisoma mapato na matumizi nawasomea watu walewale," akasema, afu akamgeukia mjomba, "na wewe baba, ukipata hati usipotee na wewe."

Mjomba akasema mimi mwanangu siwezi kupotea, mi nimezaliwa hapo chini ya ule mti. Mtendaji akamuuliza sensa ulihesabiwa wapi. Mjomba kimya kidogo. "Mbeya."

Jioni tukapita ofisi ya kata kugonga muhuri. Kata ni mtendaji wa kata kwa upande wa kazi na diwani kwa upande wa siasa, na diwani ndo anayeibeba kata kwenda kwenye baraza la halmashauri. Ndo maana watu wanagombania kata mpya. Sio jina tu. Sera ya toka miaka ya 2000 ni kila kijiji zahanati, kila kata sekondari na kituo cha afya, kwa iyo ukipata kata umepata pa kudaia. Ila hapo napo pana mtego, ukishakata kata mbili kutoka kwenye watu walewale wachache unakuwa na sekondari mbili zenye madarasa na watoto wa kuyajaza hakuna. Haya ni maoni yangu, diwani nisingemwambia.

Jumatano: Kitulo

Fupi. Kutoka Matamba tulipanda bodaboda mbili mpaka uwanda wa juu wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600, nyasi zina barafu asubuhi, nyeupe kabisa, vidole havikunjiki. Wanapaita bustani ya Mungu kwa ajili ya maua lakini maua ni wakati wa mvua, kuanzia Novemba Desemba mpaka mwezi wa nne, sisi tulikuta nyasi za kahawia na upepo. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 2005, kilomita za mraba kama 413, na makao yake yako palepale Matamba. Pembeni kuna lile shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa, ng'ombe wana manyoya mazito utadhani wamevalishwa.

Nilichokuwa nakifikiria pale ni kwamba ukiona kwenye ramani wilaya ni pana lakini watu kiduchu, sio kila mahali pangeweza kukaa mtu. Kuna hifadhi, kuna shamba la serikali, kuna makorongo, kuna miti ya mbao kila mteremko. Watu wamekaa kwenye mabonde na migongo ya milima kama vishikizo, na kati ya kijiji na kijiji ni mteremko mmoja na mpando mmoja ambao kwa macho ni hapo na kwa miguu ni nusu siku. Wilaya ya tambarare yenye watu haohao ungeihudumia na ofisi nusu ya hizi.

Tukapata lori la viazi mpaka Iwawa. Lumbesa zimefungwa mpaka juu ya bodi, sisi juu ya lumbesa. Mjomba ana miaka sitini na kitu.

Alhamisi: Iwawa

Makete mjini ndo Iwawa, ni kata, na ndo makao makuu ya wilaya. Mji mdogo mzuri, misindano kila upande, moshi wa asubuhi unatoka kwenye mabati, na watu wanatembea wamejifunga mashuka mpaka saa nne.

Hapa nikapata mpangilio wote vizuri, nauandika kama nilivyoelewa. Wilaya ina tarafa sita: Matamba, Ikuwo, Magoma, Bulongwa, Lupalilo na Ukwama. Chini yake kata 23, na chini ya kata vijiji zaidi ya tisini, afu vitongoji. Kata ni kama hizi Iwawa, Tandala, Lupila, Mang'oto, Kipagalo, Ipelele, Iniho, Mlondwe, Kinyika, Luwumbu, Isapulano, sizimalizi. Ukigawa zile 109,160 kwa kata 23 unapata wastani wa watu 4,700 na kidogo kwa kata. Kule nilikohesabu mimi kata za jiji zina watu mara tatu nne ya hapo.

Tarafa ndo watu wanaisahau. Tarafa haina diwani wala baraza, ina afisa tarafa tu, na huyo ni mkono wa serikali kuu, anaripoti kwa mkuu wa wilaya. Na mkuu wa wilaya sio mkurugenzi. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais kuangalia ulinzi, usalama na utekelezaji wa serikali kuu, mkurugenzi ndo bosi wa halmashauri yenye walimu, waganga, ardhi, mapato, na halmashauri ina mwenyekiti wake ambaye ni diwani. Watu wengi kijijini wana malalamiko sahihi kwenye mlango usio sahihi. Mkoa wa Njombe ukiuliza una wilaya ngapi ni nne, Njombe, Makete, Ludewa na Wanging'ombe, lakini halmashauri ni sita kwa sababu wilaya ya Njombe peke yake ina halmashauri tatu: Njombe Mji, Njombe vijijini na Makambako. Mkoa wenyewe ni mchanga, Machi 2012, kabla ya hapo yote hii ilikuwa Iringa, na mjomba anakumbuka barua ya mkoa ilikuwa inasafirishwa mpaka Iringa mjini, siku ngapi hizo.

Ofisi ya ardhi tulipokelewa vizuri tu. Afisa akaangalia faili letu, akasema kijiji kikishapitisha kwenye kikao na muhtasari ukaja, timu inapanda kupima, hati zinaandaliwa wilayani afu zinarudi kusainiwa kijijini. Mjomba akauliza lini. Akajibiwa mkishapeleka wengi kwa pamoja ni rahisi zaidi, tukipanda kwa shamba moja mafuta hayatoshi. Kumbe hata kupimiwa shamba kunataka idadi ya watu!

Jioni tulikokaa gesti kuna bibi anapika pale, tulikaa nae jikoni. Alianza kunihesabia wajukuu aliowalea, akawa anataja na mama zao na mwaka waliofariki, mmoja mmoja, huku anamenya viazi hata hatazami kisu. Hii sehemu ya namba huwezi kuiruka ukiongelea Makete. Utafiti wa Ukimwi wa 2011 na 2012 uliikuta Njombe na maambukizi asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati taifa lilikuwa 5.1. Kipindi kile kati ya 2002 na 2012 ambacho wilaya ilipungua watu, wengine waliondoka kwa basi na wengine ndo hivo. Mkoa mzima ulikua kwa asilimia 0.8 kwa mwaka miaka hiyo, wa mwisho nchini, taifa ni 2.7. Na 2012 mkoani wanawake walikuwa 372,738 wanaume 329,359. Utafiti wa 2022 na 2023 bado uko juu, asilimia 12.7, lakini dawa zipo, watu wanazinywa na wanaishi, na mkoa sensa hii umekua kwa asilimia 2.4. Bibi akasema wajukuu wake wawili wako Dar sasa hivi, "wamekuwa matajiri, nyumba ile umeiona ya bati la bluu?"

Nilikuwa nimeiona. Ina kufuli.

Ijumaa: Tandala, Ikonda, Njombe

Asubuhi tukapanda basi la Njombe. Lami! Barabara ya Njombe mpaka Makete imekamilika, kilomita mia na kitu, na mjomba kwa namna alivyokuwa anaitazama ile lami utafikiri anakagua mkandarasi. Zamani mvua ikinyesha walikuwa wanalala njiani wanasukuma basi wenyewe.

Tulishuka Ikonda, kata ya Tandala, kumsalimia shangazi mmoja amelazwa hospitali ya Konsolata. Hapa sasa ni kinyume cha kila nilichokiona tangu Jumatatu. Huku watu hawaondoki, wanakuja. Nje ya geti nimesikia Kisukuma, Kinyakyusa, mtu katoka Songea, mtu katoka Dodoma, gesti zimejaa, mama ntilie wamejipanga, bodaboda wengi kuliko Matamba yote. Hospitali ya misheni iko milimani kabisa na nchi nzima inaijua njia. Na kwa sensa, wagonjwa waliolala wodini usiku ule walihesabiwa palepale, kwa iyo kwenye lile 109,160 kuna wenyeji wa Mbozi na Ruvuma waliokuja kutibiwa, wakati mtoto wa mwenyeji kaandikwa Ilala. Nilimwambia shangazi hilo akacheka mpaka nesi akatufokea.

Baada ya hapo ni Kipengere, na hapo umeshaingia Wanging'ombe, wilaya iliyomegwa Njombe 2012 hiyohiyo, makao yake Igwachanya. Afu Njombe mjini. Unaona wapi watu wanahamia: Njombe Mji 130,223 mpaka 182,127 ndani ya miaka kumi, Makambako 93,827 mpaka 146,481. Makambako peke yake imeongeza zaidi ya watu elfu hamsini na mbili, ni njia panda ile, na reli ya TAZARA. Makete miaka hiyohiyo imeongeza kama elfu kumi na mbili. Sio kwamba Wakinga wameisha, wamehama ngazi moja kushuka chini.

Stendi ya Njombe mjomba akakaa akapiga simu, kampigia mwanawe wa Dar, kampigia wa Tunduma, kampigia mtoto mkubwa wa marehemu kaka yake, anawaambia mpaka umeshakubalika mbele ya mwenyekiti na majirani, kikao cha halmashauri ya kijiji kinakuja na nataka mmoja wenu awepo, nauli nitatoa. Wote wakasema watatuma mwakilishi. Mwakilishi kila mmoja alimtaja huyohuyo mmoja, bibi yao aliyebaki kijijini.

Kwa anayetaka kwenda kufuatilia mashamba huko: nakala ya kitambulisho cha Taifa beba nyingi maana mashine ya kutoa kopi kijijini hakuna, anza na mwenyekiti wa kitongoji usianze na kata, majirani wa mpakani wajulishe kabla, na kama mko familia kadhaa pelekeni maombi kwa pamoja. Usiende siku ya gulio, hutamkuta mtu. Kupanda pitia Chimala kama una moyo, kurudi pitia Njombe na Makambako. Mjomba anapanda tena kikao kikiitwa na kashasema mi ndo mbeba begi.